Likizo ya uzazi na fao la NSSF: kuhesabu siku, kuandika barua na kudai malipo

Mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara anapopata ujauzito, ana stahili mbili zinazotoka katika mifuko miwili. Ya kwanza ni likizo yenye malipo, inayolipwa na mwajiri kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ya pili ni fao la uzazi, linalolipwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kutokana na michango ya mwajiriwa. Kila moja ina masharti yake na namna yake ya kuhesabu muda. Kupewa likizo hakumaanishi kwamba NSSF wataanza kulipa wenyewe, na kukosa fao hakumpi mwajiri sababu ya kunyima likizo.

Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na mfuko wake, ZSSF. Watumishi wa umma Bara nao wako kwenye mfuko wao, PSSSF, na huongozwa pia na kanuni zao za utumishi. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yao, ingawa sehemu ya kuhesabu tarehe na kutunza nyaraka itawafaa. Namba za vifungu hapa ni za sheria ya 2004 ilivyotungwa. Matoleo yaliyorekebishwa yanaweza kuzipanga upya.

Hakikisha unastahili kabla hujaandika chochote

Likizo yenye malipo humhusu aliyetimiza miezi 6 kazini. Chini ya hapo mwajiri halazimiki kulipa. Kuna nafuu mbili: mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo, na mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka huunganishiwa vipindi vyake, jumla ikizidi miezi 6, anastahili. Waajiri wanaopenda mikataba ya miezi mitatu mitatu hulisahau hili, au hujifanya kulisahau.

Kiwango ni siku 84 kwa mtoto mmoja na siku 100 kwa mapacha au zaidi. Hicho ni kiwango cha chini. Kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi, tafuta nakala ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, uisome kwanza, maana huenda imo nyongeza ambayo ofisi ya utumishi haitakwambia usipouliza.

Malipo ya likizo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Posho ya usafiri, ya chakula, ya muda wa ziada na kamisheni vinaweza visiwemo. Anayepata shilingi 600,000 za msingi na 250,000 za posho ajipange kuishi kwa 600,000 kabla ya makato, isipokuwa mkataba wake unasema vingine. Ugomvi mwingi wa "wamenikata mshahara nikiwa likizo" huanzia hapa, na mara nyingi mwajiri huwa hajakosea.

Sasa mzunguko wa likizo, jambo linalowaponyoka hata maafisa utumishi. Likizo ya uzazi yenye malipo ni moja ndani ya kila mzunguko wa miezi 36, na mzunguko huhesabiwa tangu tarehe uliyoanza kazi, siyo tangu ulipojifungua mara ya mwisho. Chukua aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2023. Mzunguko wake wa kwanza umeisha tarehe 28 Februari 2026, wa pili unaisha tarehe 28 Februari 2029. Akiwa alijifungua Oktoba 2025 kisha akajifungua tena Aprili 2027, zote mbili zinalipwa ingawa zimepishana miezi 18 tu, kwa sababu ziko katika mizunguko tofauti. Mwenzake aliyeajiriwa siku ileile, akijifungua Aprili 2026 na tena Desemba 2028, uzazi wa pili hauna malipo ya lazima ingawa zimepita miezi 32. Kwa hiyo mtu akikwambia "lazima upishe miaka mitatu", muulize anahesabu kuanzia lini. Mwisho, mwajiri mmoja halazimiki kulipa zaidi ya likizo nne za uzazi kwa mfanyakazi mmoja.

Panga tarehe zako

Kila kitu kinaanzia kwenye tarehe ya matarajio iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Tuseme ni Ijumaa, 18 Septemba 2026.

Taarifa kwa mwajiri inatakiwa imfikie angalau miezi mitatu kabla, yaani si zaidi ya tarehe 18 Juni 2026, ikiwa na cheti cha mtaalamu wa afya. Likizo yenyewe inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla, yaani tarehe 21 Agosti. Kuanza mapema zaidi ya hapo kunahitaji daktari athibitishe kwamba afya yako au ya mtoto aliye tumboni inadai hivyo.

Siku 84 ni siku za kalenda. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo. Ukianza tarehe 21 Agosti, siku ya 84 ni Alhamisi, 12 Novemba, na unarudi kazini Ijumaa, 13 Novemba. Ukianza tarehe 11 Septemba, wiki moja kabla ya matarajio, siku ya 84 ni tarehe 3 Desemba na unarudi tarehe 4. Mtoto ni yuleyule, lakini umepata wiki tatu zaidi za kukaa naye. Kama ujauzito hauna matatizo na kazi yako si ya kusimama kutwa au kubeba mizigo, ni busara kuchelewa kuanza. Mwajiri hawezi kukulazimisha uanze wiki nne kabla. Sheria inasema mfanyakazi *anaweza* kuanza hapo.

Hesabu pia uwezekano wa kuchelewa. Likizo ikiwa imeanza tarehe 21 Agosti na mtoto akazaliwa tarehe 28 Septemba, siku kumi baada ya matarajio, mwisho unabaki palepale tarehe 12 Novemba. Mtoto atakuwa na wiki sita na siku chache. Na hapo ndipo ukuta ulipo: hairuhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa mtaalamu wa afya athibitishe kwamba unaweza. Mwajiri anayekupigia simu wiki ya tatu akitaka "uje umalizie ripoti tu" anavunja sheria, hata kama wewe mwenyewe umekubali.

Ukiumwa wakati wa ujauzito kabla likizo haijaanza, usizitumie siku za uzazi kulala hospitali. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Omba hiyo kwa cheti cha daktari. Vilevile mwajiri haruhusiwi kuifanya likizo yako ya mwaka kuwa sehemu ya likizo ya uzazi. Kama una siku za mwaka zilizobaki, kuziunganisha mwishoni mwa siku 84 ni jambo la makubaliano, nalo liombwe ndani ya barua ileile.

Barua

Kumwambia msimamizi wako kwa mdomo hakutoshi. Wala ujumbe wa WhatsApp si kitu cha kutegemea ukiwa na njia nyingine. Andika barua fupi:

*YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI*

*Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Napenda kukutaarifu kwamba mimi ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe 18 Septemba 2026, kama inavyoonyeshwa kwenye cheti cha daktari kilichoambatishwa. Nakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe 11 Septemba 2026 na kurejea kazini tarehe 4 Desemba 2026, ikiwa ni siku 84. Naomba uthibitisho wa maandishi wa tarehe hizi pamoja na malipo yangu ya kipindi hicho.*

Malizia kwa jina, cheo, saini na tarehe. Usiandike "naomba ruhusa". Unatoa taarifa, kinachoombwa ni uthibitisho. Chapa nakala mbili, moja uiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini. Nakala hiyo ipelekwe nyumbani, isibaki kwenye droo ya ofisi ambayo siku moja unaweza kuikuta imefungwa.

Kuhusu cheti, mkunga aliyesajiliwa anaweza kukitoa. Si lazima umtafute daktari bingwa. Kiwe na jina lako kama lilivyo kwenye mkataba wa ajira, tarehe ya matarajio, jina na saini ya mtoa cheti na muhuri wa kituo. Kadi ya kliniki itoe kopi tu, usiiache popote.

Umechelewa na miezi mitatu imeshapita? Andika leo. Kuchelewa kutampa mwajiri la kulalamikia kuhusu mipango yake, lakini ukikaa kimya mpaka uchungu ukukute kazini, umemwongezea hoja.

Fao la uzazi la NSSF

Masharti ni mawili kwa pamoja: uwe umechangia angalau miezi 36 kwa jumla, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 ya mwisho kabla ya kujifungua. Ukitimiza, unalipwa asilimia 100 ya wastani wa kipato chako cha siku kwa wiki 12: wiki 4 za kabla na 8 za baada. Kwa kukadiria tu, mtu mwenye wastani wa shilingi 20,000 kwa siku anatarajia kama shilingi 1,680,000. Fao lina pia upande wa matibabu: huduma ya hadi saa 48 baada ya kujifungua kwa kawaida, au siku 7 baada ya upasuaji, kwa utaratibu wa NSSF wenyewe.

Uzazi unaofuata hulipwa baada ya miaka mitatu tangu ule uliolipwa, isipokuwa mtoto alifariki ndani ya miezi 12. Angalia tofauti: hapa muda unahesabiwa tangu fao lililopita, kwa mwajiri unahesabiwa tangu tarehe ya ajira. Inawezekana kabisa ukastahili likizo na usistahili fao, au kinyume chake.

Kinachokwamisha madai mengi ni michango isiyofika. Mshahara umekatwa kila mwezi, hati ya mshahara inaonyesha, lakini mwajiri hakupeleka. Mfano: umeanza Aprili 2023 na unajifungua Septemba 2026. Mpaka mwisho wa Agosti 2026 inatakiwa michango 41. Mwajiri akiwa ameruka miezi 7, NSSF wanaona 34, na dai linakwama kwa miezi miwili tu. Kwa hiyo, mara baada ya kipimo kuonyesha ujauzito, fanya haya:

1. Chukua taarifa ya michango, kwa mfumo wa mtandaoni wa NSSF au kwenye ofisi yao iliyo karibu. Usiangalie jumla ya pesa. Hesabu miezi, mmoja mmoja.
2. Linganisha na hati zako za mshahara. Mwezi uliokatwa na haupo, uandike pembeni.
3. Mpe mwajiri orodha hiyo kwa barua. Asipojibu ndani ya wiki mbili, peleka malalamiko NSSF pamoja na kopi za hati za mshahara. Kukusanya malimbikizo ni kazi yao, na ukiwapa miezi mitano au sita kabla ya kujifungua wanakuwa na muda wa kumfuatilia. Ukienda ukiwa na mtoto mgongoni umechelewa.
4. Kagua majina. Jina la kitambulisho cha taifa (NIDA), la NSSF, la kadi ya kliniki na la benki yafanane herufi kwa herufi. "Mwanaidi" na "Mwanahidi" ni watu wawili kwenye kompyuta. Marekebisho huhitaji hati ya kiapo, na aliyebadili jina kwa ndoa aandae cheti cha ndoa.
5. Kama umewahi kufanya kazi kwingine, uliza kama una namba mbili za uanachama. Hutokea pale mwajiri mpya anapokusajili upya badala ya kuomba namba ya zamani. Michango ya namba zote mbili ni yako, ila lazima iunganishwe kwanza.

Fomu ya madai chukua kabla ya kujifungua, kwa sababu ina sehemu za kujazwa na mwajiri na mtaalamu wa afya. Kumtafuta mhasibu akusainie ukiwa na kichanga ni adhabu. Dai lenyewe lipelekwe ndani ya siku 90 tangu ujifungue, likiwa na kitambulisho, tangazo la kizazi (karatasi ya hospitali ya kuthibitisha uzazi) au cheti cha kuzaliwa, na taarifa za akaunti ya benki yenye jina lako. Akaunti iliyolala bila kutumika irudishe uhai kabla.

Kazi ya usiku na kazi za hatari

Kuanzia miezi miwili kabla ya kujifungua, na kwa miezi miwili baada ya mtoto kuzaliwa, hupaswi kupangiwa kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Daktari akithibitisha, kinga hii inaanza mapema zaidi. Walinzi, wauguzi, wafanyakazi wa hoteli na viwanda vya zamu, hili ni lenu.

Kazi yenye madhara kwa afya ya mama au mtoto hairuhusiwi kabisa, kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha. Fikiria viuatilifu kwenye mashamba ya maua, rangi na gundi zenye moshi mkali, mionzi, mizigo mizito. Mwajiri anatakiwa akupe kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko uliyokuwa nayo. Omba kwa maandishi na utaje kitu chenyewe: jina la dawa unayopulizia, uzito wa gunia, saa unazosimama. Ombi linalosema "kazi ni ngumu" halina nguvu.

Mtoto akishazaliwa

Usitoke hospitali bila tangazo la kizazi, na lisome kabla hujaondoka kitandani. Kosa la jina au tarehe ni rahisi kurekebisha siku hiyo, na ni safari ndefu baadaye. Cheti cha kuzaliwa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bure na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata katika mikoa iliyo kwenye mpango huo.

Baba aliyeajiriwa ana siku 3 zenye malipo, na lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hizo ni jumla ya mzunguko mzima wa miezi 36, hata wakizaliwa watoto wawili ndani yake. Akitaka zaidi, ni kwa ruhusa ya mwajiri na bila malipo. Ni chache mno, lakini baba wengi hupoteza hata hizo kwa kuomba siku ya nane. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho. Kopi ya tangazo la kizazi lenye jina la baba inatosha.

Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, mambo yamebadilika. Mei Mosi 2024 Serikali ilitangaza kumwongezea mama wa njiti muda mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito, na kwa baba ikataja siku 7, kisha marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yakaingiza nyongeza ya mama kwenye sheria. Turudi kwenye mfano wetu: mtoto wa matarajio ya 18 Septemba akizaliwa tarehe 24 Julai, wiki ya 32, zinakosekana wiki 8 kufikia 40, na hizo zinaongezwa. Omba hospitali iandike wazi umri wa ujauzito kwa wiki siku ya kujifungua. Bila namba hiyo kwenye karatasi, ofisi ya utumishi haina cha kuhesabia.

Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama ana haki ya siku nyingine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko uleule. Ndugu au rafiki anaweza kuipeleka taarifa hiyo kazini kwa niaba yake, na afanye hivyo mapema. Baba naye ana siku 4 za malipo kwa msiba au ugonjwa wa mtoto.

Kurudi kazini na kunyonyesha

Unarudi kwa masharti yaleyale: cheo, mshahara, kituo. Una haki ya kutoka kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, bila kukatwa mshahara; kanuni za mwaka 2017 zinataja kipindi kisichopungua miezi 6 mfululizo baada ya likizo. Kwa anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta, kwenda na kurudi mchana hakuna maana. Pendekeza kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au saa zote mbili mwisho wa siku, na makubaliano hayo yaandikwe. Msimamizi akibadilishwa, karatasi itabaki.

Mwajiri akigoma

Ujauzito si sababu halali ya kuachishwa kazi, na sheria inasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 37. Kwa sababu hiyo, mwajiri mjanja hatauandika. Ataandika "kupunguza wafanyakazi", "utendaji hafifu", au atakuletea barua ya kuacha kazi kwa hiari uisaini, akiahidi kukuita tena. Usisaini. Ukishasaini, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni wako, na ni mzito.

Mwenye mkataba wa muda maalumu asikilize hapa. Mkataba ukiisha katikati ya likizo, ajira inaweza kuisha kihalali. Lakini kama kulikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungeongezwa, kwa mfano umeongezwa mara tatu mfululizo au kuna barua pepe inayozungumzia mwaka ujao, kutokuongezwa kunaweza kuhesabika kama kuachishwa. Barua pepe za namna hiyo zitunze nje ya akaunti ya ofisi, kabla hawajaifunga.

Mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hakuna ada. Jaza Fomu Na. 1 ya CMA, mpe mwajiri nakala yake kwanza, kisha wasilisha tume ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Muda ndio unaoua kesi: siku 30 tangu kuachishwa kwa anayepinga kuachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine kama vile mshahara wa likizo usiolipwa. Ukichelewa, lazima uombe kwanza kuongezewa muda, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita; uzazi wa upasuaji wenye nyaraka za hospitali ni sababu, "nilikuwa nalea" peke yake mara nyingi haitoshi. Kumbuka pia kwamba aliye chini ya miezi 6 kazini hawezi kutumia kinga ya kuachishwa isivyo halali, ingawa bado analindwa dhidi ya ubaguzi kwa sababu ya ujauzito.

Hatua ya kwanza CMA ni usuluhishi, na kesi nyingi za likizo zinaweza kuishia hapo kama karatasi zimekaa sawa. Nenda na mkataba wa ajira, hati za mshahara za miezi 12, nakala ya barua yenye muhuri, cheti cha daktari, tangazo la kizazi na kalenda uliyopiga hesabu ya siku. Ukipewa hati ya makubaliano, hakikisha imetaja kiasi kwa tarakimu na tarehe ya kulipwa, siyo "haraka iwezekanavyo".